Kukusanya vijitabu vya hadithi ukiwa Guangyuan Xilu

Ukienda Guangzhou kwa biashara ya nguo, siku zako nyingi zitaishia Guangyuan Xilu. Asubuhi umo ndani ya masoko ya nguo kama Canaan au Tangqi, unageuza jinzi ndani nje kukagua mshono, unapokezana kikokotoo na mwenye duka mpaka bei ishuke. Jioni uko kwa wakala wa mizigo, marobota yanapimwa kilo. Katikati ya hayo huwa kuna kungoja tu: kiwanda kimeomba siku mbili zaidi, kontena halijajaa, rangi uliyoitaka inakuja keshokutwa. Mwongozo huu ni wa saa hizo za kungoja, na ni wa msomaji anayependa hadithi kuliko vile vyungu na vito vya jade ambavyo kila mgeni huonyeshwa.

Guangzhou ni mji wa vijitabu. Nasema vitabu vidogo vya karatasi duni, vilivyouzwa kwa senti, vyenye hadithi za mapenzi, vita, mazimwi na mahakimu waadilifu. Mtu alikinunua sokoni, akasoma au akasomewa, akamwazima jirani, na mwisho wake kikafungiwa karanga. Wafaransa walikuwa navyo tangu mwanzoni mwa karne ya 17, pale Nicolas Oudot, mchapaji wa mji wa Troyes, alipoanza kutoa upya hadithi za zamani za mashujaa na wapenzi kwa karatasi mbaya na majalada ya buluu. Wachuuzi walizibeba begani mpaka vijijini, na ukoo wa Oudot, kisha wa Garnier, wakaishi kwa biashara hiyo vizazi kadhaa. Wanigeria walikuwa na vyao katika soko la Onitsha kuanzia 1947. Guangzhou nayo ilikuwa na vyake, na bado vinapatikana kwa mtu mwenye jicho na subira.

Jicho hilo unalo tayari. Anayejua kutofautisha pamba halisi na ya kuchanganya kwa kusugua kitambaa kati ya vidole viwili, na anayesoma lebo kabla ya kusikiliza maneno ya muuzaji, ameshajifunza nusu ya kazi ya kukusanya vitabu. Nusu iliyobaki ni hii.

Vijitabu vyenyewe

Vya zamani zaidi ni muyushu (木鱼书), vitabu vya nyimbo za hadithi kwa Kikantoni. Muyu ni ngoma ndogo ya mti yenye umbo la samaki, inayogongwa ili kushika mapigo. Hadithi imepangwa kwa mistari ya silabi saba saba, nayo iliimbwa majumbani, mara nyingi na waimbaji vipofu, wasikilizaji wakubwa wakiwa wanawake. Aliyezoea tenzi hahitaji kuelezwa jinsi hadithi ndefu inavyoweza kukaa kichwani kwa nguvu ya mizani. Wachapaji wa Guangzhou na Foshan walichonga maneno kwenye vibao vya mbao, wakapiga wino, wakalaza karatasi nyembamba ya mianzi, wakashona kwa uzi. Jina la mchapaji utakalolikuta mara nyingi ni Wuguitang (五桂堂), waliokuwa na duka Guangzhou na jingine Hong Kong.

Kitabu maarufu kuliko vyote katika kundi hili ni Huajianji, kisa cha mapenzi ya kijana msomi Liang na binti Yang Yaoxian. Kilitoka Guangzhou kikafika mbali. Peter Perring Thoms, mchapaji wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki kule Macao, alikitafsiri kwa Kiingereza na kukichapisha 1824. Miaka mitatu baadaye, 1827, Goethe alikisoma Ujerumani, mwaka uleule alioandika mashairi yake ya mwelekeo wa Kichina. Kitabu cha nyimbo za wanawake wa majumbani ndicho kilichomfikia mshairi mkubwa wa Ulaya.

Vya pili, na hivi ndivyo utakavyovinunua hasa, ni lianhuanhua (连环画), hadithi za picha. Watu wa Guangzhou huviita gongzaishu. Kimoja kinaenea kiganjani: kila ukurasa picha moja, na chini yake maneno machache. Vilishamiri Shanghai miaka ya 1920, na vibanda vya kukodisha vikaenea miji yote. Mtoto alilipa fen moja au mbili, akaketi kwenye kigoda cha chini, akasoma palepale, akarudisha. Baada ya 1949 serikali ilivitia mikononi mwa matbaa zake na wachoraji wake bora, na kazi iliyofanyika ni ya kustaajabisha. Nyumba ya Uchapishaji wa Sanaa ya Umma ya Shanghai ilitoa Hadithi ya Falme Tatu kwa vijitabu 60, kati ya 1956 na 1964. Mwaka 1962 Zhao Hongben na Qian Xiaodai walichora Sun Wukong, mfalme wa nyani, akipambana na zimwi la mifupa myeupe. Mistari ya picha zile ni safi hivi kwamba hata asiyejua herufi moja ya Kichina anaifuata hadithi mpaka mwisho. Hiyo ndiyo sababu navipendekeza kwa msomaji wa Kiswahili: havikutaki ujue lugha ili uanze.

Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza 1966, hadithi za wafalme, mapenzi na mazimwi zilipigwa marufuku, na vijitabu vingi vikachomwa au kurudishwa kiwandani kuwa rojo ya karatasi. Ndiyo maana vya kabla ya 1966 ni adimu na ghali. Vya miaka ya 1970 mwanzoni ni vya mapinduzi: wakulima, wanajeshi, madaktari wa vijijini. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikafurika tena kwa wingi usio na mfano, pamoja na vya Lingnan Meishu Chubanshe, nyumba ya uchapishaji wa sanaa ya hapohapo Guangzhou. Televisheni na vikatuni vya Kijapani vikavimaliza kabla muongo haujaisha.

Kuna kundi la tatu ambalo Wachina wengi hawalijali na sisi hatuna ruhusa ya kulipuuza. Katika miaka ya 1960 hadi 1980, Nyumba ya Vitabu vya Lugha za Kigeni ya Beijing ilichapisha vitabu kwa Kiswahili, vikiwemo vitabu vya picha vya watoto, vikaletwa Afrika Mashariki na kuuzwa bei ya chini mno. Jarida la picha la China nalo lilikuwa na toleo la Kiswahili. Nakala zilizobaki China huwa hazina mteja. Ukiona maneno ya Kiswahili kwenye jalada chini ya rundo la majarida ya zamani, lipia kwanza, maswali baadaye.

Chagua njia moja

Usikusanye kila kitu. Mfuko hautatosha, na mwisho utakuwa na sanduku la karatasi badala ya mkusanyiko. Chagua mada, kisha ishikilie. Zipo mada tatu ninazoziona zinamfaa mtu wa kwetu anayekaa mitaa ile.

Ya kwanza ni mahali penyewe. Guangyuan Xilu iko pembeni ya Sanyuanli, kijiji ambacho Mei 1841, wakati wa Vita vya Afyuni, wanakijiji wake walijikusanya na majembe na mikuki kuwakabili askari wa Kiingereza. Hekalu walikokusanyika sasa ni makumbusho, karibu na mitaa hiyohiyo unayopita na toroli la nguo. Kisa hicho kila mtoto wa China hukisoma shuleni, kwa hiyo mwonyeshe muuzaji herufi 三元里 kwenye simu yako umuulize ana nini. Kukusanya kisa kimoja cha mtaa mmoja, jinsi kilivyochorwa na watu tofauti katika miaka tofauti, ni mkusanyiko mdogo wenye maana kamili.

Ya pili ni Afrika ndani ya vijitabu vya Kichina. Miaka ya 1960 China iliitazama sana Afrika. Mwaka 1965 Beijing ilionyeshwa mchezo wa kuigiza kuhusu Kongo uitwao Ngoma za Vita katika Ikweta (赤道战鼓). Weka jina hilo kwenye simu yako pamoja na herufi 非洲, yaani Afrika. Chochote cha picha chenye herufi hizo kutoka miaka hiyo ni ushahidi wa jinsi mtoto wa Guangzhou alivyofundishwa kutufikiria kabla hajawahi kutuona, na muda mrefu kabla hatujawa jirani zake wa ghorofa.

Ya tatu ni mjanja mmoja katika nchi nyingi. Sun Wukong kwa Wachina, Abunuwasi na Sungura kwetu, Till kwa Wajerumani na Wafaransa, ambaye vijitabu vya Troyes vilimbeba vijijini kwa miaka mingi. Ukiviweka vijitabu hivyo kwenye rafu moja, mgeni anayeingia nyumbani kwako ataelewa bila hotuba.

Namna ya kukagua

Hapa ndipo pa kutulia, maana ndipo fedha inapopotelea.

Kwa lianhuanhua, fungua kwanza ukurasa wenye taarifa za uchapaji. Mara nyingi uko mwishoni, au ndani ya jalada. Utakuta jina la nyumba, mwaka, na mambo mawili ya kukariri umbo lake: 版, toleo, na 印, mara ya uchapaji. Ukiona 第1版第1次印刷, ni toleo la kwanza, uchapaji wa kwanza. Karibu na hapo pana 印数, idadi ya nakala zilizochapwa. Usishangae kukuta laki kadhaa kwa uchapaji mmoja. Vilikuwa vitabu vya umma hasa. Bei ya awali imeandikwa kwa yuan na fen, na kijitabu cha miaka ya 1980 mwanzoni huwa ni cha fen tu.

Kisha tafuta namba ya kitabu. China ilianza kutumia ISBN 1987. Kabla ya hapo ilikuwa na mfumo wake wa namba, 统一书号, uliotumika tangu 1956, na namba za vitabu vya sanaa huanza na 8. Hivyo kijitabu chenye jalada la 1957 na ISBN nyuma yake ni chapa mpya ya kitabu cha zamani. Chapa mpya si uongo. Nyumba nyingi za China zinazitoa waziwazi kwa wapenzi wa zamani, na kwa kusoma zinafaa kabisa. Uongo ni pale muuzaji anapokuuzia chapa mpya kwa bei ya kale, au anapokuwa ameing'oa karatasi yenye namba. Ukurasa wa uchapaji ukikosekana, kirudishe mezani hata kama picha ni nzuri kiasi gani.

Halafu karatasi. Karatasi duni hugeuka kahawia kuanzia pembeni, kwa sababu hewa na mwanga huingilia hapo, na katikati ya ukurasa hubaki peupe zaidi. Karatasi iliyopakwa chai ili ionekane ya kale ina kahawia iliyosawazika pote, na mara nyingine ina duara hafifu pale maji yalipokaukia. Angalia pini: pini za chuma za miaka ya 1950 na 1960 zimeshika kutu, na kutu hiyo imelowea kwenye karatasi inayozizunguka. Pini inayong'aa ndani ya karatasi ya kahawia ina hadithi ambayo muuzaji hataki kukusimulia. Nusa pia. Ukungu una harufu yake, na kijitabu kimoja chenye ukungu hai kitaambukiza sanduku zima.

Kwa muyushu mambo ni mengine, kwa kuwa vibao vya mbao havisemi mwaka kwa uaminifu. Mchapaji aliweza kuchapa leo kwa kibao cha babu yake. Shika ukurasa dhidi ya mwanga, utafute mistari myeupe inayokata herufi: hizo ni nyufa za kibao. Kadiri kibao kilivyozeeka, ufa ulirefuka na kupanuka. Ukipata nakala mbili za kitabu kimoja kutoka kibao kimoja, yenye ufa mfupi ndiyo iliyotangulia. Geuza pia ukurasa upande wa nyuma. Karatasi ya mianzi ni nyembamba mno, na wino wa kibao hupenya. Nakala ya mashine huwa bapa, wino umekaa juu tu.

Nakala za Kifaransa zina mtego wa aina hiyohiyo. Vitabu vingi vya Troyes havina mwaka, na kibali cha serikali kilichochapwa ndani kilinakiliwa toleo baada ya toleo, kwa hiyo tarehe ya kibali inaweza kuwa ya miaka mingi kabla ya kitabu ulichoshika. Picha zake nazo zilitumiwa upya: mfalme wa hadithi hii ni mfalme wa hadithi ile, na katika nakala ya baadaye uso wake umeshafutika kwa kuchoka kwa kibao. Anayetaka kuanza na vya Kifaransa aanzie vya karne ya 19, vya wachapaji wa mwisho kama Baudot wa Troyes. Vya karne ya 17 viko maktaba, na hazina kubwa iko kwenye maktaba ya mji huohuo wa Troyes.

Sasa jambo ninaloliamini kuliko yote niliyoandika hapa. Wakusanyaji wa Kichina hulipia hali ya kitabu, pinxiang wanavyosema, na huipa alama hadi kumi. Kijitabu cha alama kumi, ambacho hakikuwahi kufunguliwa, kinaweza kuwa bei mara nyingi ya kile cha alama tano. Wewe chukua cha tano. Tafuta kile kilichotoka kibanda cha kukodisha: jalada lake limeimarishwa kwa karatasi nene ya kaki, jina limeandikwa upya kwa brashi, muhuri mwekundu wa kibanda umegongwa ukurasa wa kwanza na wa mwisho ili kisiibwe, pembe za chini kulia zimekuwa nyeusi kwa vidole vilivyofungua, na mahali fulani mtoto amemchorea jemadari masharubu kwa kalamu ya wino. Kijitabu hicho kinakuonyesha wasomaji wake. Kile kisafi kinakuonyesha ghala. Vijitabu hivi viliandikwa ili visomwe hadi vichakae, na kilichochakaa kwa kusomwa ndicho kilichofanya kazi yake. Bahati nzuri, soko halikubaliani nami, kwa hiyo bei ni yako.

Hilo halina maana uchukue kilichopungua kurasa. Hesabu kurasa zote, moja baada ya nyingine, mbele ya muuzaji. Doa, muhuri na maandishi ya mtoto vinaongeza. Ukurasa uliochanwa unapunguza hadithi yenyewe.

Kutoka Guangyuan Xilu hadi kwenye vitabu

Usivitafute sokoni kwenu. Guangyuan Xilu ni ya nguo, viatu na simu. Panda metro kituo cha Sanyuanli, njia ya 2, shuka Gongyuanqian. Hapo badilisha njia ya 1. Ukielekea mashariki, kituo kimoja tu, Nongjiangsuo, kinakuweka karibu na Wende Lu, mtaa wa vitabu vya kale, wino, brashi na wafunga michoro. Ukielekea magharibi mpaka Changshou Lu, uko Xiguan, mji wa kale wa wafanyabiashara, na ukiulizia Daihe Lu utafika kwenye maduka ya vitu vya kale ambako lianhuanhua hulala kwenye masanduku kati ya saa mbovu na beji za Mao. Wende Lu ni ghali na tulivu. Xiguan ni ya kupekua.

Lipo pia soko la alfajiri, tianguangxu, linalofunguka kungali giza na kutawanyika watu wa ofisini wanapoanza kutoka. Huhamahama, kwa hiyo ulizia liko wapi msimu huo. Nenda na tochi ya simu, na pasipoti mfukoni. Mgeni anatakiwa na sheria kuwa nayo, na saa zile usitegemee picha iliyo kwenye simu.

Mtandaoni liko soko la Kongfuzi, kubwa kuliko yote kwa vitabu vilivyotumika nchini China. Wauzaji hutuma ndani ya nchi, kwa hiyo mwombe wakala wako wa mizigo akupokelee kwenye ghala lake. Ukurasa wa kitabu huwa na picha. Usinunue kama ukurasa wa uchapaji haujapigwa picha, na omba uongezewe. WeChat na Alipay siku hizi hukubali kadi za benki za nje, jambo lililowaondolea wasafiri wengi adha ya kutembea na noti.

Kuhusu bei, vijitabu vya kawaida vya miaka ya 1980 ni yuan chache hadi makumi ya yuan. Seti kamili ya zamani ya Falme Tatu ni makumi ya maelfu na zaidi, tena ndiyo inayoghushiwa kuliko zote, iache. Kupatana bei kunaruhusiwa, ila si kwa mtindo wa Canaan. Hakuna bei ya jumla kwenye kitu cha pekee, na muuzaji wa vitabu akiona unataja theluthi ya bei bila kukifungua kitabu, atajua hujui ulichoshika. Kikague kwanza kwa dakika kadhaa bila neno, mwonyeshe dosari moja ya kweli, kisha taja bei yako. Huyu ni mtu utakayemrudia kila safari. Mweke kama unavyomweka fundi mzuri.

Chagua msimu pia. Februari hadi Aprili Guangzhou huingia unyevu ambao kuta na sakafu hutoka jasho, na vitabu madukani hulowa hewa. Wakati wa maonyesho makubwa ya biashara, yale ya majira ya kuchipua na ya vuli, vyumba hupanda bei. Novemba mwishoni na Desemba ni pazuri: hewa kavu, mji umetulia.

Sheria ya kutoa nje

Soma sehemu hii mara mbili. China hairuhusu vitu vya urithi vya mwaka 1911 na kabla yake kutolewa nje ya nchi, na vitabu vya kale vimo. Vya baada ya hapo hadi 1949 vinapaswa kukaguliwa na ofisi ya serikali ya urithi, iliyo na tawi Guangdong, na vilivyoonekana kuwa na thamani huzuiwa. Maana yake ni kwamba muyushu ya enzi ya Qing, hata ukiuziwa kwa bei ya sahani ya wali, haitoki. Usiifiche kati ya mashati. Usimwombe wakala aifiche. Utamponza yeye na mzigo wa wenzako ulio kwenye kontena hilo. Sheria hizi hurekebishwa, kwa hiyo ulizia ofisi yenyewe kabla ya safari ya kurudi.

Muyushu za kale zifuate mahali zilipo huru. Maktaba ya Sun Yat-sen ya Mkoa wa Guangdong, mtaa wa Wenming, kando ya Wende Lu, ina hazina kubwa ya maandishi ya kale ya mkoa huo. Kwa kununua, vuka kwenda Hong Kong, ambako sheria ya forodha ni nyingine na ambako duka la Wuguitang liliendelea mpaka 1972. Mtaa wa Hollywood Road ndio wa kuanzia. Angalia viza yako kwanza. Ukivuka Hong Kong unahesabiwa umeshatoka China bara, na viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha huku mzigo wako ukikungoja Sanyuanli.

Lianhuanhua za kawaida za baada ya 1949 hazina kikwazo hicho. Zibebe kwenye begi la mkononi, usizitie kwenye kontena. Joto la wiki kadhaa baharini na jasho la chuma huharibu karatasi kuliko miaka mingi ya rafu.

Ukishafika nyumbani

Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar ni maadui wa karatasi: chumvi, joto, mchwa na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula gundi. Usiweke vijitabu kwenye sanduku sakafuni, wala ukutani kunakopakana na bafu. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu unavyouza, usivitupe. Vikaushe kwenye joto, viweke ndani ya sanduku lenye mfuniko, ubadilishe kila baada ya wiki chache. Mifuko ile laini ya kufungia mashati inafaa ikiwa ni ya plastiki isiyo na harufu. Yenye harufu kali huharibu wino. Usizibe nyufa kwa selotepu kamwe. Gundi yake hugeuka njano, hupenya karatasi, na haitoki.

Andika kwenye karatasi ndogo, kwa penseli, ulinunua wapi, lini, kwa kiasi gani, na muuzaji alikuambia nini. Iweke ndani ya kijitabu. Bila karatasi hiyo, mtoto wako ataona michoro tu.

Na ukiwa bado Guangzhou, zungumza na jirani yako wa ghorofani. Guangyuan Xilu ni mtaa wa Wanigeria kuliko wa watu wengine wa Afrika, wengi wao Waigbo, na Waigbo ndio watu wa Onitsha. Pale sokoni kwao, wachapaji wadogo walitoa mamia ya vijitabu vya mapenzi, maonyo na vituko, vilivyoandikwa na walimu, makarani na wanafunzi. Veronica My Daughter cha Ogali A. Ogali, cha 1956, kilisomwa na kuigizwa kila mahali. Vita vya Biafra vikaliteketeza soko lile, na biashara ya vijitabu haikurudi ilivyokuwa. Muulize mzee yeyote wa Kiigbo mwenye duka pale kama nyumbani kwao kulikuwa na vijitabu vya Onitsha, kisha nyamaza umsikilize. Kuna mikusanyiko iliyoanza kwa swali kama hilo.

Sisi wenyewe hatujavitunza vyetu. Hadithi za Kiswahili zilichapwa mapema: Edward Steere alitoa zake London 1870, na matbaa ya wamisionari ya Zanzibar ikatoa Kibaraka 1896. Hizo angalau ziko kwenye maktaba. Kinachopotea ni vya baadaye na vya bei ya chini: chapa za Abunuwasi za mitaani, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya 1965 katika majalada yake ya kwanza, Kufa na Kupona cha Elvis Musiba cha 1974, majarida ya picha-hadithi kama Film Tanzania na Sani, na vile vitabu vya watoto vya Kiswahili kutoka Beijing. Vilisomwa na watu wengi, na leo mtafiti akitaka kuona seti nzima ya jarida mojawapo atahangaika.

Kwa hiyo kabla hujapanda ndege kwenda Guangzhou, fungua sanduku la mjomba au la shangazi yako kule Tanga, Morogoro au Lamu. Ukikuta kimoja cha namna hiyo, usikiuze kwa kilo na usimwachie mtu afungie maandazi. Kipige picha, jalada na ukurasa wa uchapaji, upeleke habari zake kwa maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, na kijitabu chenyewe ukitunze.